Kupangisha nyumba kwa siku katika mtaa wa wastaafu Mbeya: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Mtaa wetu uko upande wa juu wa Jiji la Mbeya, mlima Loleza ukiwa mgongoni. Wenye nyumba wengi ni wastaafu: walimu, wauguzi, watu wa benki, na wale tunaowaita wazee wa TAZARA, walioanza kazi reli ikiwa mpya mwaka 1976. Nyumba zilijengwa kidogo kidogo, chumba kimoja mwaka huu, bati mwaka ujao, na mafao ndiyo yaliyomalizia madirisha. Sasa watoto wameondoka, vyumba vimebaki, na baadhi yetu wameanza kuvipangisha kwa siku.

Majibu haya nimeyaandika mimi, katibu wa kamati ya wakazi, mwalimu mstaafu. Wajumbe wameyapitia. Pale walipokataa maneno yangu nimesema hivyo.

Kupangisha kwa siku kuna tofauti gani na kupangisha kwa mwezi? Si mpangaji tu?

Mpangaji wa miezi sita utamjua. Atakuja kikao cha mtaa mara moja, atachangia ulinzi, atajua kwamba bibi wa nyumba ya kona hasikii vizuri na kwamba mbwa wa mzee jirani yake hana shida. Wa siku mbili hana haja ya kujua hayo, na hatumlaumu. Ila mtu lazima ayajue kwa niaba yake. Mtu huyo ni mwenyeji, na karibu kila jibu hapa chini linarudi kwake.

Hati yangu imeandikwa makazi. Navunja sheria?

Inategemea unafanya nini. Kuishi ndani ya nyumba na kumpa mgeni chumba kimoja ni jambo moja. Kugeuza nyumba yote iwe gesti, kila usiku watu wapya, bango barabarani na meza ya mapokezi sebuleni, ni jambo jingine. Hapo ofisi ya mipango miji ina haki ya kusema umebadili matumizi ya kiwanja, na kubadili matumizi kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Nenda ukaulize kabla ya kupaka rangi na kununua magodoro. Tumeona watu wakianza na magodoro.

Leseni na kodi je?

Anza na namba ya mlipakodi, TIN, ambayo TRA, Mamlaka ya Mapato, huitoa bure. Ukifanya kazi hii kama biashara, leseni ya biashara huombwa halmashauri, siku hizi kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Kama huwezi kuufungua kwenye simu, ofisa biashara wa Jiji atakuelekeza. Usimlipe kijana wa stesheneri kabla hujajua unaomba leseni ya aina gani. Mwulize ofisa huyohuyo kuhusu ushuru wa nyumba za kulala wageni. Ukijitangaza kwa watalii, kuna pia leseni ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008.

Mpangaji akiwa kampuni au shirika, mfano mradi unaoleta wataalamu wao kwa wiki tatu, watakata asilimia 10 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa. Dai hati ya zuio uitunze, maana ndiyo inayoonyesha TRA kwamba kodi hiyo imeshakatwa. Kodi ya jengo unailipa tayari kupitia LUKU, shilingi 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Hiyo haihusiani na mapato ya wageni, na kuilipa hakukuondolei deni jingine. Swali hili linaulizwa kila kikao.

Nani hasa anakuja kulala Mbeya siku mbili tatu?

Watu wanadhani ni watalii. Wapo, wanaopanda kwenda Ziwa Ngozi au kukiona kimondo cha Mbozi, lakini ni wachache na hawakai.

Wengi ni watu wa hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia Nyanda za Juu Kusini zote, kwa hiyo mgonjwa anatoka Sumbawanga, Mpanda au Songea akiwa na ndugu wawili, na ndugu hao hawana pa kulala. Wengine wana binti aliyejifungua Meta, hospitali ya wazazi, na mtoto amebaki ndani kwa wiki. Hawa hawataki televisheni kubwa. Wanataka jiko la kuchemshia uji saa kumi alfajiri, chupa ya chai, beseni, kamba ya kuanikia, na mtu wa kuwaambia daladala ipi inafika. Wauguzi wastaafu wa mtaa huu wamekuwa wenyeji wazuri kuliko sisi wote, kwa sababu wanajua kutouliza "mgonjwa anaendeleaje" mgeni akirudi kimya.

Kisha kuna mahafali ya vyuo mwishoni mwa mwaka, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), Mzumbe ya Mbeya na vingine, ambapo wazazi hujaza jiji kwa usiku mmoja au miwili. Kuna Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, tarehe 1 hadi 8 Agosti; waoneshaji huja siku kadhaa kabla. Na kuna wafanyabiashara wa Tunduma wasiotaka kulala Tunduma.

Ukijua unampokea nani, utajua ununue nini. Jirani mmoja alinunua mashine ya kahawa. Bado iko kwenye boksi.

Mimi naishi Dar. Nyumba ni ya mama, na mama nipo naye huku. Naweza kuipangisha kwa Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku?

Hili ndilo swali lililoifanya kamati iandike ukurasa huu.

Kisheria, kama mama ameridhia, hatuna cha kukuzuia. Lakini sikiliza inavyokuwa. Nyumba ina kufuli la namba mlangoni. Mgeni anatumiwa namba kwa simu. Anafika usiku, taa za mtaa hakuna, nyumba tatu zina geti jeusi. Anagonga la kwanza. Ndani kuna mzee wa miaka 78 na mkewe, peke yao. Saa nane usiku mtu asiyemjua anagonga geti na kuita jina asilolijua. Mzee yule alikaa macho mpaka asubuhi na panga miguuni. Mgeni hakuwa na kosa. Kosa ni kwamba alikuwa mgeni wa mtu ambaye hayupo.

Kwa hiyo kamati iliomba, na kikao cha mtaa kikakubali, kwamba kila nyumba inayopokea wageni iwe na mwenyeji anayeweza kufika kwa miguu ndani ya dakika kumi, mchana na usiku. Si lazima awe mwenye nyumba. Anaweza kuwa jirani unayemlipa, binamu, au dada wa usafi anayekaa mtaa wa chini, ilimradi jina na namba yake ya simu viwe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa nyumba zote zinazopakana. Dalali wa Mwanjelwa hahesabiki. Tulijaribu, alipopigiwa simu alikuwa Kyela.

Na mlipe vizuri huyo mwenyeji. Kuna watoto wetu wanaopokea pesa za wageni Dar na kumtumia shangazi "ya vocha". Shangazi ndiye anayeamka.

Bora nyumba nzima au vyumba vya uani?

Vya uani, kama unaishi hapo. Mgeni anaingia, anakuona, anakuamkia, mambo yanaisha. Wajumbe wawili hawakubali. Wanasema wageni wa leo wanataka faragha na nyumba nzima inalipa zaidi. Ni kweli inalipa zaidi.

Nimwandikishe mgeni? Wengine wanaona kama unawapeleleza.

Mwandikishe. Daftari la kawaida: jina, anakotoka, namba ya kitambulisho cha NIDA au pasi ya kusafiria, siku ya kuingia na kuondoka, simu yake na ya ndugu wa karibu. Polisi au mtendaji wa mtaa akiuliza nani alilala kwako Jumanne, "kijana mmoja mrefu" si jibu.

Ila daftari lisikae juu ya meza ya sebuleni kila mtu akasoma nani alikuja na nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka uzitunze taarifa za watu na uzitumie kwa kazi uliyozichukulia tu. Kupiga picha kitambulisho cha mgeni na kukituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ili "tumjue" ni kosa. Imetokea, na aliyefanya hivyo alikuwa mjumbe wetu. Kamera ya getini sawa, mwambie mgeni ipo. Kamera ya chumbani au bafuni haina mjadala.

Basi la Dar linafika saa ngapi? Naweza kukataa wageni wa usiku?

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, hakuna saa ya kufika unayoweza kuitegemea. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. La alfajiri linaingia usiku, la jioni linaingia asubuhi. Ukikataa usiku utapoteza wageni wengi, hilo lazima tuseme.

Tunachoomba ni kwamba anayefika baada ya saa nne usiku asiachwe atafute mwenyewe. Mpe bajaji unayemjua, mwenyeji asimame getini na tochi, honi isipigwe. Mgeni wa ndege ni rahisi: uwanja wa Songwe uko mbali nje ya jiji njia ya Tunduma, atachukua gari, na dereva atakupigia.

Mgeni ameomba jiko la mkaa la kuotea. Nimpe?

Usimpe, hata akikusihi.

Mbeya iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya nyuzijoto 10. Mtu wa Dar au wa Kyela anafika na shuka moja na fulana. Sisi tuliozaliwa huku tunajua mkaa huoteshwa nje mpaka uive na mlango hubaki wazi. Mgeni atalifunga dirisha, atalifunga na pazia, ataweka jiko chini ya kitanda. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kizito na usingizi, analala, na haamki. Hata mkaa ulioiva vizuri bila moshi hutoa gesi hiyo. Hili ndilo watu hawaliamini, kwa sababu tumezoea kwamba hatari ni moshi.

Badala yake weka mablanketi mawili mazito kwa kila kitanda, si yale mepesi ya mnadani, na la tatu kabatini. Weka chupa ya maji ya moto ya mpira, soksi za sufu, zulia pembeni ya kitanda, na uzibe nafasi chini ya mlango wa nje. Nafasi ya juu ya dirisha iache. Andika kwa kalamu nene ukutani: MKAA HAUINGII NDANI. Ukimkuta mgeni ameingiza, toa mkaa kwanza, ugomvi baadaye.

Jiko la gesi liwe jikoni, mtungi ikiwezekana nje, na umfundishe kuufunga. Usidhani kila mtu anajua.

Umeme wangu ulikuwa haupandi. Tangu nianze wageni uniti zinaisha haraka na bei imepanda. Kwa nini?

Wazee wengi wako daraja la D1, la nyumba zisizozidi uniti 75 kwa mwezi, ambalo bei ya uniti ni ndogo sana. Hita ya maji ya kuogea inakunywa umeme kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Wageni wanne wakioga maji ya moto asubuhi na jioni, uniti 75 haziwezi kufika tarehe 15. Ukizidisha unalipa bei ya juu, na unaweza kuhamishiwa daraja la T1, la matumizi ya kawaida. Piga hesabu hiyo kabla ya kutangaza bei ya chumba. Kama una vyumba vitatu na zaidi, fikiria mita ya pili kwa upande wa wageni, au sola ya kuchemshia maji.

Maji: simtanki ya lita 1,000 kwa kiwango cha chini, na ndoo yenye mfuniko bafuni. Mgeni asiambiwe "hapa maji hayakatiki".

Nitoze kiasi gani?

Kamati haipangi bei. Fanya hesabu ya umeme, maji, sabuni, kufua mashuka, mwenyeji, leseni na usiku ambao chumba kitalala kitupu, kisha uone kinachobaki. Ukiona hakibaki kitu, mpangaji wa mwezi si aibu.

Tangaza kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazotolewa ndani ya nchi, na chumba chako kimo, hata mgeni awe ametoka Lusaka au Ulaya.

Kwa ndugu wa wagonjwa, baadhi yetu tunapunguza baada ya usiku wa tatu. Hakuna anayelazimishwa.

Mgeni anataka kufanya sherehe ndogo tu ya mahafali uani.

Hapana. Kumbi zipo.

Kukiwa na msiba mtaani, wageni wangu wafanyeje?

Katika mtaa wa watu wa umri wetu, hili si swali la mbali. Misiba ni mingi kuliko harusi.

Turubai likifungwa, barabara inazibwa, moto unakokwa usiku kucha na watu wanalala nje siku mbili au tatu. Mwambie mgeni mapema, hata aliye njiani bado. Mwambie gari liachwe wapi, redio ipunguzwe, na akipita kwenye turubai asimame kidogo, aseme pole, aendelee. Hatakiwi kutoa rambirambi. Wageni wengi huliona hilo kuwa jepesi wakielezwa. Wanaokosea ni wale ambao hakuna aliyewaeleza. Asiyetaka kukaa mrudishie pesa ya siku zilizobaki.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Zamani mtu akifiwa hapa, nyumba zote jirani zilifungua vyumba kwa ndugu waliotoka mbali, na hakuna aliyehesabu. Mwaka mmoja uliopita waliokuja kumzika mzee mwenzetu waliambiwa kwenye nyumba ya nne kwamba chumba kipo, kwa bei ya usiku. Mwenye nyumba alikuwa na haki yake: chumba ni biashara sasa, kina leseni, na siku hiyo alikuwa amekataa mteja mwingine. Lakini mjane alisikia.

Kamati ilikaa saa mbili juu ya jambo hili na haikuandika kanuni. Wengine walisema kanuni itafanya wema uwe ushuru. Mimi nilitaka kanuni. Kilichobaki ni orodha ya kujitolea: ukitaka, unaandika kwamba chumba fulani kwako ni cha msiba kikitokea, na mwenye msiba anajua pa kugonga. Hadi sasa nyumba kumi na moja zimeandika. Ile ya nne imo.

Mgeni akivunja kitu, akiumwa, au akigoma kuondoka?

Kuvunja: chukua amana ndogo kwa simu na uirudishe siku hiyohiyo anayoondoka, vinginevyo itakuwa ugomvi mwingine. Piga picha chumba kabla hajaingia.

Kuumwa: mwenyeji anampeleka hospitali, kisha anawapigia ndugu. Ndiyo maana daftari lina nafasi ya namba ya simu ya ndugu wa karibu.

Kugoma: usikate umeme, usitoe mabegi nje. Mwite mwenyekiti wa mtaa, na akishindwa mwende polisi pamoja. Mgeni anayeongeza siku moja moja kwa miezi miwili amekuwa mpangaji, na mpangaji anatolewa kwa taarifa na utaratibu. Andika tarehe ya kuondoka kwenye risiti tangu mwanzo.

Malalamiko niyapeleke wapi?

Kwanza kwa mwenyeji, kwa simu, hata usiku. Kisha kwa balozi wako, kisha kwa mwenyekiti. Usianze na kundi la WhatsApp.

Nikichoka nikataka kuacha?

Futa matangazo yote, rudisha leseni na uitaarifu TRA kwamba biashara imefungwa, la sivyo makadirio yataendelea kukungoja. Waambie madalali na vijana wa bajaji mmoja mmoja, kwa sababu wao hawasomi matangazo.

Bado watakuja. Mzee mmoja wetu aliacha mkewe alipoanza kuumwa, na mwaka mzima baadaye watu walikuwa wakishuka na mabegi getini kwake, wakitoka hospitali au stendi. Alibandika karatasi: HAPA NI NYUMBANI, CHUMBA HAKUNA. Chini yake, kwa herufi ndogo, ameandika namba ya mwenyeji wa nyumba ya tatu kutoka hapo.